Anti, tangu nianze tiba nyumbani wanasema mimi si yule tena

Shikamoo Anti,

Mi ni dada wa miaka 34, naishi Tabata na mume wangu na mtoto mmoja, nafanya uhasibu kwenye kampuni moja hapa mjini, kwetu ni Masasi. Naomba jina langu lisitoke maana kwetu kuna watu wanakusoma.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Baba alifariki nikiwa na miaka 11, darasa la tano, mimi ndo wa kwanza na nyuma yangu wapo wanne. Mama akabaki na mikorosho, anatoka giza anarudi giza, kwa hiyo nyumba nikaishika mimi, kuchota maji, kuogesha, kupika, yule wa mwisho alikuwa analala mgongoni kwangu huku nasonga ugali. Ndo wakaanza kuniita Mama Mdogo. Mpaka leo Anti, hata kwenye simu ya mama nimeseviwa hivyo, wakati mama mdogo wa kweli, mdogo wake mama, yupo na tunamuita kwa jina lake. Mwaka uliofuata likizo ya Desemba nikachezwa unyago, tulipotoka tukapewa majina mapya na mtu akikuita jina lako la utotoni anatozwa faini, nakumbuka babu alitoa kuku. Lakini hiyo ilikuwa ya huko nje, ndani ya nyumba hazikupita wiki mbili nikawa Mama Mdogo tena.

Nikasoma, nikapata kazi, nikawasomesha wote. Sijawahi kusema hapana, nikikosa nakopa kikoba, kikoba kikikosa nakopa ofisini. Mwaka jana ndo yakaanza, tarehe 25 mshahara ukiingia tu, badala ya kufurahi moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, najua kabisa nakufa. Nimepimwa moyo, presha, sukari, vyote viko sawa, daktari akasema nenda kaonane na mwanasaikolojia. Elfu hamsini kila sesheni, nikaona huu ni wizi lakini nikaenda hivyo hivyo. Sasa hivi nina miezi nane na ile hali imekata, nalala.

Shida ni kwamba mdogo wangu wa tatu anaoa. Wakanipangia uenyekiti wa kamati na mchango wa milioni moja na nusu, bila kuniuliza, nimekuta tu kwenye grupu la familia la WhatsApp. Zamani ningeandika "sawa" halafu nikalie bafuni. Safari hii nikaandika "nitachanga laki tatu, uenyekiti mpeni mwingine". Anti grupu zima kimya, tiki za bluu tu. Baadae bwana harusi mwenyewe akaandika "Mama Mdogo simu yako imeibiwa nini", wakaweka vikatuni vya kucheka, mi nikajibu "ni mimi, na mimi si mama yako".

Hapo ndo moto ukawaka. Mama alinipigia saa nne usiku. Hakufoka, bora angefoka. Alisema tu "huyu simjui, waliomchukua mwanangu wamrudishe". Wanataka nisomewe. Mume wangu ambaye ndo alinisindikiza siku ya kwanza, juzi tunakula ananiambia mi nilimuoa yule wa zamani, yule alikuwa anacheka.

Kinachonitesa ni kwamba labda wana haki. Nikijisikiliza naongea maneno ya yule mwanasaikolojia, mipaka, majeraha ya utotoni, yani mpaka sauti naishusha kama yeye. Tena kwenye tiba tumegundua kwamba miaka yote nilikuwa natoa kwa woga, nikiogopa kwamba nisipotoa watanitupa. Sasa kama ni woga, basi mapenzi yangu kwa wadogo zangu yalikuwa uongo? Na huyu wa sasa, ametengenezwa na mtu ninayemlipa elfu hamsini, huyu ndo wa kweli? Mimi ni yupi Anti? Niache tiba?

Mgeni Kwao, Tabata

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kilichonibaki kichwani si ile milioni na nusu, ni kuku wa babu yako.

Bibi yangu alikuwa kungwi huko Kisarawe. Nimekua naona mwali anavyowekwa ndani na anavyotolewa, nilikuwa mdogo sikuruhusiwa kuingia lakini siku ya kutolewa hakuna wa kukuzuia. Ngoma inalia tangu usiku, asubuhi mwali anabebwa mabegani, kapakwa mafuta anang'aa, vitu vipya mwilini, anainamisha uso, wanawake wanapiga vigelegele na kumtunza hela. Watu wote pale wanajua kwamba aliyeingia alikuwa mtoto na huyu anayetoka ni mwingine, kwa hiyo kesho yake akikaa tofauti na kusalimia tofauti hakuna anayeuliza nani kamuharibu. Ukimuita kama zamani unalipa kuku. (Sisemi kila kitu cha unyago kilikuwa kizuri, yapo niliyoyasikia kwa bibi ambayo binti yangu sikutaka ayapitie, hiyo tutaongea siku nyingine.)

Sasa wewe umewekwa ndani miezi nane. Chumba kidogo, mlango umefungwa, watu wawili, siri. Umetoka mwingine, na hakuna aliyepiga hata debe. Mama yako hakuambiwa mwanae yuko ndani, ameshtukia tu ujumbe kwenye grupu, tena kasomewa na mtu. Ningekuwa yeye na mimi ningesema mwanangu kachukuliwa. Kwa hiyo kabla hatujaenda kwenye "mimi ni yupi", mambo mawili yamechanganyika hapa, kubadilika kwako ni moja, na kubadilika bila shahidi ni lingine kabisa, na nahisi hilo la pili ndo linalouma zaidi sasa hivi.

Haya tuje kwenye swali lako, maana sitaki kulikimbia.

Uliuliza kama mapenzi yako yalikuwa uongo. Hapana. Hapa sipindishi. Alikuwepo daktari wa watoto pale London, Donald Winnicott, ndiye aliyeandika mwaka 1960 kuhusu nafsi ya kweli na nafsi ya uongo, na watu wengi wamelichukua hilo neno "uongo" wakakimbia nalo, wanadhani alisema sura unayowaonyesha watu ni utapeli. Sivyo. Yeye aliiona kama ngao. Mtoto akikuta nyumba haina nafasi ya yeye kulia, anajifunza kuwa yule anayehitajika, na huyo anayehitajika anasimama mbele kumlinda yule mdogo aliyeko ndani. Mtoto wa miaka 11 aliyefiwa na baba, mama yuko shamba mpaka giza, wanne wana njaa. Ulitaka afanye nini? Ulikuwa unaogopa na ulikuwa unawapenda, vyote kwa wakati mmoja, kwenye mgongo ule ule. Ugali ulioiva kwa mkono wa mtu anayeogopa bado unashibisha. Wale wanne walishiba, na kuogopa kwako hakuwapunguzii tonge lolote.

Kwa hiyo mkiongea kule kwenye tiba ukajikuta unaandika upya historia nzima kwamba "nilikuwa natoa kwa woga" nukta, mwambie mwanasaikolojia wako hiyo haijatosha. Woga ni sehemu yake. Rudini mtafute sehemu iliyobaki.

Na hili la maneno yake. Unasema unaongea kama yeye mpaka sauti. Mwanangu hata neno mama ulifundishwa na mtu. Ila sitaki kukudanganya kwamba mtu wa tiba ni kioo tu, eti anakuonyesha ulivyo bila kuweka mkono wake, hapana, mkono unawekwa. Carl Rogers, Mmarekani mmoja mkubwa sana kwenye hii kazi, msimamo wake ulikuwa kwamba mteja ndiye anayeongoza, mtaalamu asimsukume kokote. Mwaka 1966 mtafiti anaitwa Charles Truax akachukua sesheni zake Rogers zilizorekodiwa, za mteja mmoja, akazichambua, akakuta kwamba mteja akisema mambo ya aina fulani Rogers anakuwa na joto zaidi, anaitikia kwa upendo zaidi, na kadiri siku zinavyokwenda mteja naye anaelekea huko huko. Na huyo ni Rogers mwenyewe! Basi na wako naye ni binadamu, ukisema "mipaka" pengine macho yake yanang'aa na wewe, Mama Mdogo uliyezoea kusoma uso wa mtu kujua anataka nini, unampa anachotaka. Umenielewa? Inawezekana kabisa unamlea na yeye. Umwambie hivyo hivyo, "naona naongea kama wewe, nahisi nakufurahisha". Mtu anayeijua kazi yake atakaa vizuri kwenye kiti, hiyo ndo sesheni ya maana kuliko zote. Akikasirika, au akikuambia familia yako yote ni sumu uiache, tafuta mwanasaikolojia mwingine.

Mi nina kipimo changu cha kienyeji cha kujua kama neno limekuwa lako. Jaribu kulisema kwa lugha ya kwenu, kwa mama yako, bila aibu. "Mipaka" ukimwambia mama wa Masasi mwenye mikorosho anajua ni nini? Mpaka ni pale jirani aliposogeza alama usiku akala mikorosho sita, kesi ikaenda kwa mtendaji. Kwa hiyo wewe unapomwambia "mama nimejiwekea mipaka" anasikia kwamba mwanangu ananigawia shamba, huku ni kwake huku ni kwangu, tukutane barazani. Si ajabu akalia. Lakini ukimwambia "mama nimechoka, tangu baba afariki sijapumzika" hilo halihitaji mkalimani. Maana ni ile ile, na maneno ni yako.

Na pale kwenye grupu ulikosea, niseme tu. Laki tatu sawa, uenyekiti kukataa sawa kabisa, kumpangia mtu milioni na nusu bila kumuuliza ni utovu wa adabu hata kama ni dada. Ila "mimi si mama yako", kwa mtoto uliyemlea, mbele ya mashangazi na wakwe watarajiwa? Ni kweli na ni kofi. Najua limetoka wapi, mtu aliyemeza hapana miaka 23, hapana ya kwanza ikitoka haitoki kwa kipimo, inatoka kama soda iliyotikiswa. Itatulia. Lakini kwa hilo moja muombe radhi, kwa hilo moja tu, usirudi nyuma kwenye hela.

Unaogopa kwamba umekuwa mtu mwingine kabisa. Kuna kazi moja ilitoka mwaka 2017, Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 za watu waliopitia tiba na msaada wa namna hii, wakaangalia tabia zao zinabadilika kiasi gani. Muda wa tiba kwa wastani ulikuwa wiki 24, wewe umeshazipita. Walikuta watu kweli wanabadilika, na mabadiliko yalikuwa bado yapo walipofuatiliwa baadae, ila kilichosogea zaidi ni utulivu wa hisia, yani mtu anapunguza wasiwasi na kutetereka, na kinachofuata ni kuchangamka na watu, kidogo. Tabia nyingine zilisogea chini ya hapo. Nasoma hiyo na kukuangalia wewe, kilichoondoka ni ile tarehe 25. Uhasibu wako upo, utani wako upo (ulivyoandika la simu ya mama nimecheka peke yangu), bado unachangia harusi, bado unalala unawaza mama kasema nini. Aliyechukuliwa ni nani hasa?

Ila mume wako nataka umsikilize kidogo zaidi ya ulivyomsikiliza. Amesema yule alikuwa anacheka. Usimjibu haraka kwamba yule alikuwa anacheka kuwafurahisha watu. Jiulize kwanza, kuna kicheko kilichokuwa chako na kimepotea? Watu wengi wakiwa katikati ya hii kazi wanaingia kwenye msiba, wanaomboleza utoto ambao hawakuupata, na msiba una kimya chake. Huo unapita. Lakini kama huli vizuri, vitu ulivyovipenda havina ladha, asubuhi kuamka ni mlima, hiyo si "nimebadilika", hiyo ni ya kumwambia mwanasaikolojia wiki hii hii, na daktari pia. Na mumeo muombe aje sesheni moja, si kuja kushtakiwa, aje asikie. Alikusindikiza mpaka mlangoni, halafu mlango ukafungwa miezi nane yeye akiwa nje.

Tiba usiache. Kutaka kurudi kuwa yule wa zamani ili wote watulie, hiyo ni kazi ya Mama Mdogo, anaitafuta ajira yake.

Fanya hivi badala yake. Kulikuwa na Michael White wa Adelaide, Australia, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, yeye na mwenzake David Epston wa New Zealand ndo walioanzisha tiba ya masimulizi. Huyu White aliona hiki hiki nilichokiona kwa bibi yangu, kwamba mtu akibadilika peke yake chumbani mabadiliko hayashiki, yanahitaji macho ya watu. Basi akawa anaita mashahidi. Wazo alilitoa kwa mtaalamu wa mila za watu, mama mmoja anaitwa Barbara Myerhoff, aliyekaa na wazee wa Kiyahudi kule Venice, California, akaona jinsi wanavyotengeneza vikao vyao vya kuonana na kusikiana ili wasisahaulike. Kwenye kikao cha White mwenye safari anasimulia, shahidi anasikiliza tu, halafu anaulizwa: neno gani limekugusa, umeona picha gani, limekukumbusha nini kwenye maisha yako, na limekupeleka wapi. Hakuna kutoa ushauri wala kusifu, wala "ungefanya hivi". Ukiangalia ni kutolewa mwali kabisa, imekosa ngoma tu.

Kwa hiyo nenda Masasi kabla ya harusi. Si kwa simu, si kwenye grupu, na usiende na mumeo safari hii. Kaa na mama kwenye mkeka, mkibangua korosho au mkichambua mchele, mikono ikiwa na kazi maneno yanatoka bila kutazamana. Usianze na wewe. Anza na yeye, muulize "mama mwaka ule baba alipofariki wewe uliishije?" Nina uhakika hujawahi kumuuliza, sisi watoto wa kwanza hatuulizi, tunabeba tu. Alikuwa na umri gani? Pengine alikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Msikilize mpaka mwisho hata kama itachukua siku mbili. Kisha ndo umsimulie yako, moyo kwenda mbio, mikono kufa ganzi, ulivyodhani unakufa. Kwa maneno ya kwenu. Awepo na mmoja wa kushuhudia, yule mama mdogo wa kweli anafaa, au kungwi wako kama bado yu hai. Mama akitaka usomewe, somewa, dua haijawahi kugombana na tiba, na siku hiyo watu watakuwa wamekukalia mduara wanakuangalia wewe, lini mara ya mwisho wamefanya hivyo?

Anaweza akakataa kuelewa. Nimeona mama wengi wanaokataa, wengine mwaka, wengine mpaka mjukuu aanze kuuliza. Hilo huwezi kulilipia. Ila ombi moja dogo unaweza kumpa, mwambie akubadilishie jina kwenye simu yake, aandike lile ulilopewa ulipotoka unyagoni, lile babu alilolilipia kuku.

Na laki tatu usiitume kwa simu. Mpe mdogo wako mkononi, ukimuomba na ile radhi.

Anti